Akwaponiki ndani ya nyumba, Lamu: dalili, sababu, na pa kuanzia kuchunguza

Anayekuja kuuliza habari za akwaponiki, yaani samaki na mboga kwenye maji yale yale, mara nyingi hana swali la mpango. Ana malalamiko: samaki wanatokeza midomo, rihani imegeuka manjano, maji yananuka. Ukiyafuata malalamiko hayo hadi yalikoanzia, mengi yalinunuliwa siku ya kwanza pamoja na vifaa: kokoto haikujaribiwa, maji hayakupimwa, pipa likawekwa penye giza kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Kwa hiyo ingawa mwongozo huu umefuata dalili, atakayefaidi zaidi ni yule ambaye bado hajatoa pesa.

Mfumo ninaouzungumzia ni mdogo: pipa la plastiki la lita 200 lenye perege kumi hivi, kitanda cha kokoto cha kupandia mboga, chenye kina cha sentimita 30 na eneo lisilozidi mita moja ya mraba, pampu ya kupandisha maji na pampu ya hewa. Perege hao wakifika gramu 200 kila mmoja ni kilo 2. Wakila asilimia 2 ya uzito wao kwa siku ni gramu 40 za chakula, na gramu 40 hadi 50 kwa siku ndizo zinazolisha mita moja ya mraba ya mboga za majani. Hesabu inakutana. Anayetaka kutia samaki ishirini kwenye pipa hilo hilo atajikuta kwenye dalili ya kwanza hapa chini kabla hajavuna.

Uwe na vipimo vya matone vya pH (kiwango cha asidi ya maji), na vya amonia, nitriti na nitrati, ambazo nitazieleza hapa chini, na kipimajoto. Karatasi za kuchovya ni za bei nafuu lakini hewa yetu ya unyevu huziharibu mapema. Bila vipimo hivi utabaki kubahatisha, na kila bahati mbaya ni samaki.

Samaki wanatokeza midomo juu ya maji

Wanatafuta hewa. Maji ya nyuzi 30, ambayo ni ya kawaida hapa wakati wa kaskazi, hata yakishiba hubeba miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba zaidi ya 9. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo.

Anza na lililo rahisi. Je, mapovu yanatoka? Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa hunyamaza na wewe umelala. Ikiwa inanguruma lakini mapovu ni machache, vua jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu: kwa maji yetu yenye chokaa huziba kwa ukoko mweupe. Liloweke kwenye siki, lisuuze sana, lirudishe. Baadaye angalia chakula kilichobaki chini. Kikioza kinakula oksijeni. Kisha hesabu samaki.

Saa nayo hueleza jambo. Wakitweta alfajiri tu na kutulia jua likipanda, maji yako ni ya kijani. Mwani huo wa kijani hutoa oksijeni mchana na kuivuta usiku pamoja na samaki. Funika pipa lisipate mwanga na utaona tofauti baada ya siku chache.

Kwa dharura, teka maji kwa kata na uyamimine kutoka juu, tena na tena, na usiwalishe siku hiyo. Samaki aliyeshiba huhitaji oksijeni zaidi ya mwenye njaa. Kwenye mpango wako weka pampu ya hewa yenye betri yake tangu mwanzo. Ukikosa pesa ya vyote viwili, nunua hiyo kabla ya taa za mimea.

Wakitweta mchana kutwa ilhali mapovu ni mengi, mtoe mmoja umtazame matamvua. Mekundu ni sawa. Yakiwa ya kahawia, ni nitriti: imeingia kwenye damu na damu haibebi oksijeni tena. Badilisha theluthi moja ya maji, acha kulisha, na tia chumvi ya mawe gramu 1 kwa kila lita, yaani gramu 200 kwa pipa zima, iliyoyeyushwa kwanza pembeni. Lakini kama maji yako ni ya kisima chenye munyu, kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi unayoitafuta, imo tayari, usiongeze.

Samaki wanakufa wiki za kwanza, na maji ni maangavu

Uangavu wa maji hauthibitishi chochote. Amonia haionekani.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni haraka. Samaki hutoa amonia; bakteria wa aina moja huigeuza nitriti, wa aina nyingine huigeuza nitrati, ambayo ndiyo chakula cha mimea. Bakteria hao hawauzwi pamoja na pipa. Hujijenga kwenye kokoto kwa wiki nne hadi sita, na kwa joto letu wakati mwingine muda huo hupungua kidogo. Washa mfumo bila samaki, tia chakula cha samaki kidogo kioze, pima kila baada ya siku mbili tatu. Utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti vilevile. Zote mbili zikisoma sifuri na nitrati ikionekana, hapo leta vifaranga. Ukimjua mtu mwenye mfumo unaokwenda vizuri, muombe ndoo ya kokoto zake zikiwa mbichi na uzichanganye na zako. Hakuna njia ya mkato bora kuliko hiyo.

Ya pili ni klorini. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yaache wazi kwenye ndoo, ukiyapulizia hewa, siku moja hadi mbili kabla ya kuyatia. Hii ni kweli Malindi pia, ambako maji ya bomba hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki.

Ya tatu ni chombo chenyewe: pipa lililobeba kemikali, au viungio vya shaba na vya bati la zinki. Metali hizo mbili ni sumu kwa samaki. Tumia plastiki tupu, na usinunue pipa ambalo muuzaji hawezi kukwambia lilibeba nini.

Simama na uite msaada samaki wakiwa na vidonda, utando kama pamba, macho yaliyotokeza au matumbo yaliyovimba. Mwone afisa wa uvuvi wa kaunti au daktari wa mifugo. Usitie antibiotiki za dukani: zitaua bakteria wanaokufanyia kazi, na zitaishia kwenye mboga utakayokula.

pH iko 8 au zaidi na haishuki

Huu ndio ugonjwa wa pwani, na hapa nitakaa kidogo.

Kuta zetu, chokaa ya lipu, kokoto za kienyeji, asili yake yote ni matumbawe, na matumbawe ni kalisi kaboneti. Ndani ya maji huyeyuka polepole na kuivuta pH kuelekea 8. Perege mwenyewe hastuki. Anayeumia kwanza ni mmea, maana pH ikipita 7.5 chuma kilichomo ndani ya maji hakiingii tena mizizini. Samaki huumia kwa mlango wa nyuma: kwa nyuzi 30 na pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1, pH ikifika 8 inapita asilimia 7. Amonia ile ile, kipimo kile kile, ila sasa inaua. Lenga kati ya 6.8 na 7.2.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kokoto. Chukua chache, zioshe, zikauke, uzidondoshee siki. Zikitoa povu ni za chokaa, usizilete nyumbani, hata muuzaji akiapa kuwa ni za bara. Fanya hivyo kabla ya kumlipa mwenye punda, kwa sababu kokoto za kitanda kizima kuzirudisha kwenye gati ni gharama nyingine. Ukiwa na shaka, zitie kwenye ndoo ya maji ya mvua, pima pH, na upime tena baada ya siku tatu. Badala yake tumia mawe mepesi ya volkano ya kutoka bara, au vigae na matofali ya udongo wa kuchoma yaliyovunjwavunjwa hadi milimita 8 hadi 20. Yachekeche, uyaoshe mpaka maji yatoke safi.

Mtuhumiwa wa pili ni maji. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na maji yaliyopita kwenye ardhi yetu huwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Nyumba nyingi za mitaa ya Mkomani na Langoni zina visima vyao, vingine vina munyu zaidi ya vingine. Dawa yake ni maji ya mvua. Yakinge masika kutoka kwenye bati, si kwenye makuti, ambayo hutoa maji ya rangi ya chai. Ya mvua za mwanzo yamwage. Yamebeba vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya bahari. Halafu changanya na ya kisima, nusu kwa nusu kwa kuanzia, upime.

Wa tatu ni chombo. Nimesikia wengi wakifikiria kutumia birika la zamani la chooni, lile tangi la maji la kupakwa chokaa. Wazo linavutia, kwa kuwa wazee walifuga visamaki humo wale viluwiluwi vya mbu. Lakini visamaki vile havikuwa na mboga juu yao. Birika la chokaa, au tangi la saruji mpya, litaipandisha pH kila siku. Tumia plastiki.

Kama kokoto ni safi na maji ni ya mchanganyiko, basi pengine mfumo ni mchanga tu. Kazi ya bakteria hutengeneza asidi, na kila gramu moja ya nitrojeni ya amonia wanayoigeuza hula takriban gramu 7 za ile chokaa inayoshikilia pH. Ngoja.

Usikamulie ndimu. Najua iko jikoni, lakini asidi ya ndimu ni adui wa bakteria. Siki hushusha kwa muda tu, kisha pH inarudi ilikokuwa. Asidi ya betri na ile ya kusafishia choo zisikaribie mfumo kabisa, na zisikaribie mikono yako. Wakati unapofikiria kununua asidi kali ndio wakati wa kuiacha kazi hiyo na kumtafuta mtu wa kilimo anayeijua.

Na hali ikigeuka? Anayetumia maji ya mvua peke yake, baada ya miezi kadhaa hukuta pH imeporomoka chini ya 6, bakteria wamelegea na amonia imeanza kupanda. Hapo makombe ya pwani yaliyopondwa, ndani ya mfuko wa wavu, yaliyotundikwa kwenye pipa, hufanya kazi nzuri. Ni kalisi kaboneti ile ile tuliyoikimbia, safari hii kwa kipimo. pH ikifika 7 utoe mfuko.

Majani yanageuka manjano

Uliza kwanza: majani gani?

Ya juu, machanga, yakiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, ni chuma. Kwetu hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na karibu kila mara nyuma yake kuna pH, kwa hiyo rudi sehemu iliyopita. Huku ukirekebisha, tumia chuma cha keleti, yaani kilichotengenezwa kibaki kimeyeyuka majini. Ile aina ya EDDHA ndiyo inayostahimili pH ya juu. Itayapa maji wekundu, usishtuke. Misumari yenye kutu haisaidii. Kutu ni chuma ambacho mmea hauwezi kukinywa.

Ya chini, ya zamani, yakiwa manjano yote kwa pamoja, ni nitrojeni: samaki ni wadogo, au mimea ni mingi, au bakteria hawajajaa. Pima nitrati. Punguza miche au subiri samaki wakue, usiongeze chakula kwa pupa.

Kingo za majani ya zamani zikiungua, ni potasiamu, ambayo haitoshi kwenye chakula cha samaki, au ni chumvi. Kipima chumvi kikisoma zaidi ya mikrosiemensi 1,500 kwa sentimita, mboga laini huanza kuteseka. Spinachi na mchicha huvumilia zaidi. Kwa potasiamu, potasiamu bikaboneti kidogo hufaa pale pH inapokuwa chini, na potasiamu salfeti pale ilipo juu. Majivu ya jikoni yana potasiamu kweli, lakini hupandisha pH kwa kasi, nasi tumetoka huko.

Madoa na majani yaliyojikunja, geuza jani utazame vidukari. Vioshe kwa maji au uviponde kwa vidole. Hakuna dawa ya wadudu inayopigwa juu ya maji yenye samaki. Hata pareto, ingawa ni ua, huua samaki upesi, na maji ya mwarobaini nayo yasichuruzike kitandani.

Mashina marefu, membamba, yanayolala

Mwanga mdogo, basi. Nyumba ya mawe imejengwa ifukuze jua: kuta nene, vyumba virefu vyembamba, mwanga wote unaingia kupitia kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu. Weka kitanda ukutani mwa kiwanda ambapo jua linafika kwa saa nne hadi sita, na pipa la samaki liwe kivulini. Kama huna kiwanda, utahitaji taa nyeupe za LED kwa saa 14 hivi kwa siku, sentimita 20 hadi 40 juu ya mimea, na hesabu ya umeme iingie kwenye mpango wako kabla ya kununua mbegu.

Saladi kwa joto letu hukimbilia maua na kuwa chungu, taa au bila taa. Anza na rihani, mnanaa, mchicha au spinachi.

Maji hayapandi, au kitanda hakimwagi

Kwa pampu: kichungi chake kimeziba, mara nyingi. Kioshe kwa maji ya pipa lenyewe. Kisha tazama bomba lililojikunja. Mwisho, pampu ilikuwa ndogo tangu dukani: lita zilizoandikwa kwenye kasha ni za kusukuma bila kupanda, na kila sentimita ya urefu inazipunguza. Inayotakiwa ni inayofikisha lita 200 kwa saa kule juu kitandani.

Kwa sifoni ya kengele, yaani bomba lenye kifuniko linalomwaga kitanda lenyewe kikijaa: ikitiririsha tu bila kuvuta, maji yanayoingia ni machache, yaongeze. Ikivuta bila kukata, ni mengi mno. Ikikataa yote mawili, kuna mzizi ndani. Vua kengele uutoe. Wanaochoka na sifoni huweka taima, pampu iwake dakika 15 na izime dakika 45. Mimi sioni aibu yoyote katika hilo.

Maji yanapungua

Weka alama kwenye pipa kwa kalamu, zima pampu ya kupandisha maji, si ya hewa, ungoje usiku mmoja. Yakipungua hata pampu ikiwa imezimwa, pipa linavuja. Yasipopungua, tatizo liko juu: kiungio, au jani linalochuruza maji nje ya kitanda. Kama hakuna unyevu popote, ni upepo na joto, kawaida ya kaskazi. Jaza kwa maji ya mvua. Maji yakikauka chumvi hubaki, na anayejaza kwa maji ya munyu kila siku anaikusanya chumvi bila kujua mpaka siku kingo za majani zinapoungua.

Harufu

Mfumo wenye afya hunuka udongo wa mvua. Harufu ya yai bovu ina maana kuna mahali hewa haiyafikii maji: tope chini ya kitanda, au chakula kilichozidi. Lisha kiasi kinachoisha kwa dakika tano. Fukua kona ya kitanda. Ukikuta tope jeusi, toa kokoto za upande mmoja tu uzioshe kwa maji ya pipa, na upande wa pili uufanye wiki nyingine, bakteria wasipotee wote kwa mpigo. Mizizi ya kahawia inayoteleza kama kamasi imeoza kwa joto na uhaba wa hewa. Ng'oa mmea huo.

Acha kila kitu umwite fundi

Ukitia mkono majini ukahisi mtekenyo, hata mdogo, usiuguse tena mfumo. Zima kwenye swichi kuu ya nyumba, si kwenye plagi. Hewa ya bahari hula waya na soketi upesi kuliko ilivyo bara. Fundi wa umeme mwenye leseni ndiye wa kufungua, na mwambie aweke swichi ya kukata umeme unaovuja, ile mafundi wanayoiita RCD. Kabla ya hapo, kwenye mpango, soketi iwe juu ya usawa wa maji, na waya ushuke chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni yasiingie ndani.

Jingine ni uzito. Lita moja ni kilo moja, hivyo pipa lililojaa ni kilo 200. Kitanda cha mita moja ya mraba, kina cha sentimita 30, kikijazwa kokoto nzito kinakaribia nusu tani kabla ya maji. Ghorofa za nyumba zetu zimelala juu ya boriti za mikoko, baadhi zina umri wa kuwazidi babu zetu, na mchwa hawatoi taarifa. Usiweke mfumo huu juu ya dari ya mtu bila fundi wa nyumba za mawe kuzikagua boriti. Ukisikia mlio, ukiona ufa mpya kwenye lipu ya dari iliyo chini, au vumbi la mbao likidondoka, waondoe watu chumba cha chini, kisha vuta maji kwa mpira, kokoto baadaye. Kutoboa ukuta kupitisha bomba nako kuna taratibu zake, kwa kuwa mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Waulize watu wa makumbusho kabla ya kuchukua drili. Njia rahisi ni kuuweka wote chini, kiwandani, karibu na bomba la maji machafu, na mabomba yapite juu ya ukuta badala ya kuutoboa.